Dereva ambaye hakufika Kampala: kisa cha wasifu uliosomwa mara mbili

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wale wanaokabidhiwa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu saa tano usiku, mvua inatishia turubai na mazishi ni kesho saa nane. Katika msiba huu nilikuwa katibu wa kamati ya mazishi, na kipaza sauti nilikishika mimi. Familia imeridhia kisa kitumike kufundishia kwa sharti kwamba jina, kijiji, kikosi na mkoa visitajwe. Mambo mawili matatu nimeyageuza ili jirani asimtambue mtu, lakini hayagusi kiini.

## Usuli

Marehemu alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, akapitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kisha akaingia JWTZ, jeshi la Tanzania, mwaka 1972, wakati jeshi lenyewe lilikuwa halijatimiza hata miaka kumi tangu lianzishwe Septemba 1964. Akafunzwa udereva wa malori. Alioa mwaka 1977. Mwaka uliofuata, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera mwezi Oktoba, aliondoka kambini akamwacha mkewe na mtoto wa miezi mitatu. Alistaafu katika miaka ya 1990 akiwa sajinitaji, akarudi kijijini, akalima mahindi na alizeti, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye makaratasi: cheti cha ndoa, hati ya kustaafu, kitambulisho, na nishani mbili ndani ya kopo la maziwa ya unga. Makaratasi ya askari wa cheo cha chini hayasemi mengi. Yanataja namba, cheo na tarehe. Hayasemi alikuwa wapi usiku gani, wala alirudi nyumbani akiwa mtu wa namna gani.

Kijiji chote kilijua "alipigana Kagera", na hakikujua zaidi ya hapo. Mwenyewe alikuwa haongelei. Watoto wakimuuliza alikuwa akisema, "Tulikwenda, tukarudi," halafu anaomba maji ya kunywa.

## Siku tatu za msiba

Alifariki usiku wa Jumatatu kwa maradhi ya moyo. Kufikia Jumanne mchana kamati ilikuwa imeundwa: mwenyekiti, mhazini, mimi, mtu wa chakula, mtu wa usafiri. Mambo ya jeneza, kaburi na ng'ombe yalijadiliwa kwa saa mbili. Wasifu ulijadiliwa kwa dakika moja, mwisho kabisa, watu wakiwa wameshasimama. Mwenyekiti aliuliza nani ana kompyuta. Mpwa wa marehemu, mtumishi wa serikali aliyekuwa amewasili kutoka mjini, akanyoosha mkono.

Simlaumu kijana huyu. Alipewa usiku mmoja na bahasha ya vyeti. Mjomba wake alikuwa akimwona wakati wa likizo tu. Mama yake, yaani shangazi wa watoto wa marehemu, ndiye aliyekuwa karibu naye usiku ule, kwa hiyo maswali yote aliyauliza kwa mama yake. Mjane alikuwa chumba cha ndani, amekaa kwenye godoro na wanawake wenzake, na hakuna mwanaume wa kamati aliyeingia kumuuliza neno. Tulisema tunamwacha apumzike. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi tangu siku ile. Mtu aliyeishi na marehemu zaidi ya miaka arobaini tulimwacha "apumzike" asituambie mumewe alikuwa nani.

Kwenye rasimu kulifanyika maamuzi mawili yaliyotuponza.

La kwanza lilihusu vita. Hati hazikusema marehemu alifika wapi, na kijana aliona aibu kuandika "alishiriki" peke yake mbele ya diwani na wazee waliotarajiwa. Akaandika kwamba mjomba wake "alikuwa mstari wa mbele katika kuikomboa Kampala mnamo tarehe 11 Aprili 1979". Tarehe ni sahihi, hiyo ndiyo siku Kampala ilipoanguka. Akaongeza na maneno maarufu ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 kuhusu sababu, nia na uwezo. Aya ilipendeza, na mimi niliisoma kwa mbwembwe.

La pili lilihusu watoto. Marehemu alikuwa na binti aliyezaliwa mwaka 1975, kabla ya ndoa, kwa mama mwingine. Nitamwita Binti Mkubwa. Shangazi aliagiza jina lake lisiandikwe "ili tusimwaibishe mjane mbele za watu". Wasifu ukasema marehemu ameacha watoto watano. Walikuwa sita.

Alhamisi nikasoma. Binti Mkubwa alikuwa amesimama upande wa kulia wa jeneza, kitambaa cheusi kichwani, kati ya wadogo zake. Nilipotaja wa kwanza na yule wa kwanza hakuwa yeye, nilimwona akiinamisha macho kutazama viatu vyake. Hakulia wala hakusema kitu. Baada ya kaburi kufukiwa aliondoka kabla ya chakula. Jioni, nikifunga hesabu na mhazini, nikakuta jina lake kwenye daftari la michango, mstari wa nne, shilingi laki tatu, ukoo wa baba yake umeandikwa kamili. Daftari la michango lilimjua. Wasifu haukumjua.

## Mzee wa bereti

Kati ya waliokuja kuzika walikuwapo wanajeshi wastaafu wanne, suti zao za zamani na bereti vichwani. Mmoja, mzee mrefu anayetembelea fimbo, alibaki hadi watu walipopungua. Akanifuata pale nilipokuwa nakusanya viti.

"Katibu," akasema, "umesoma vizuri. Lakini huyu mwenzangu Kampala hakufika."

Nilimpa kiti, nikamwamkia upya. Akanieleza kwamba yeye alikuwa dereva msaidizi kwenye lori la marehemu, "utingo wake" kama walivyotaniana. Lori lao lilipeleka risasi na makombora mbele, na likirudi lilibeba majeruhi. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa na maadui mwanzoni mwa Novemba 1978, kwa hiyo mwanzoni kila kitu kilikwamia Mto Kagera hadi wahandisi walipoweka daraja la muda. Januari 1979 Mutukula, mji wa mpakani, ikachukuliwa, tarehe 24 Februari ikawa zamu ya Masaka ndani ya Uganda, na kazi yao ikawa barabara ile kati ya Masaka na mpaka, kama kilomita 90 kila upande, kwenda na kurudi, usiku, taa zimezimwa.

Tarehe 10 Machi ilikuta jeshi Lukaya, kwenye barabara iliyoinuliwa juu ya kinamasi. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walishambulia pamoja na askari wa Uganda, brigedi moja yetu ikarudi nyuma ovyo, kesho yake mambo yakageuzwa. Vitabu vinaeleza hayo kwa ramani na mishale. Mzee alinieleza kwa habari ya turubai la lori: jinsi lilivyofungwa na kufunguliwa, na jinsi marehemu alivyokuwa akiimba nyimbo za kwao kwa sauti kubwa akiendesha, ili waliolala nyuma wajue dereva hajalala. Wakati wenzao wanaingia Kampala, wao walikuwa njiani kurudi Kyaka wakiwa na watu tisa nyuma.

Akamaliza kwa sentensi ambayo niliiandika hapohapo nyuma ya risiti ya viti: "Mmempa Kampala ya watu wengine, mkamnyang'anya barabara yake."

## Kwa nini hatukusahihisha siku ileile

Mwenyekiti alitaka tutangaze masahihisho jioni ile, watu wakiwa bado wapo. Mimi nilipinga, na hadi leo naona nilikuwa sahihi kwa nusu. Kuhusu vita tulikuwa na ushahidi wa mtu mmoja mwenye umri mkubwa, na kusahihisha kosa la haraka kwa haraka nyingine kungetupa kosa la pili. Kuhusu Binti Mkubwa sikuwa na kisingizio hicho. Jina lake lilijulikana, ushahidi ulikuwa nyumba nzima. Niliogopa shangazi, basi. Tulichotakiwa kufanya ni kumpigia simu binti usiku uleule na kuomba radhi, halafu mengine yangesubiri. Tulimpigia baada ya siku tisa.

Kikao kidogo kiliamua wasifu mpya uandikwe na usomwe siku ya arobaini. Tulikuwa na wiki tano. Kazi nilipewa mimi, pamoja na mpwa yule yule. Wengine walishangaa kwa nini tusimwondoe. Nilisisitiza abaki kwa sababu aliyekosea akiandika upya hujua mahali penye matundu.

## Godoro, chai na daftari

Tulianza kwa mjane. Siku ya kwanza nilifanya kosa la kumuuliza, "Mama, mzee alikuwa mtu wa namna gani?" Akajibu kama ambavyo mtu yeyote angejibu: alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, alipenda watu. Niliandika mistari mitatu, nikajua nina mikono mitupu.

Siku ya pili mke wangu alifuatana nami, akaniweka kando, akauliza yeye: "Dada, asubuhi hapa nani alikuwa anaamka kwanza?" Ikawa kama bomba limefunguliwa. Mzee aliamka saa kumi alfajiri, miaka yote, akawasha jiko la mkaa, akachemsha chai, halafu akapiga pasi sare za shule za watoto watano kwenye meza ya kulia. Mshono wa suruali ulinyooka kama wa gwaride. Miaka ile ya kufunga mikanda baada ya vita, sabuni ikipatikana kwa foleni, alifua yeye mwenyewe ili kipande kisiishe haraka, maana mkewe alikuwa "anasugua kama tajiri". Viatu vya watoto alivipanga mlangoni kwa ukubwa, kuanzia kikubwa. Na akasema, bila kuulizwa, kwamba likizo zile ambazo Binti Mkubwa alikuwa akija kukaa, mstari wa viatu ulianza na vya kwake.

Nikamuuliza kama alijua habari za binti huyu kabla ya ndoa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, mahari yangu ilipolipwa yule mtoto alikuwepo mgongoni kwa bibi yake. Nani amewaambia nina aibu naye?"

Hakuna aliyekuwa ametuambia. Hatukuwa tumeuliza.

Daftari lilitokea mara ya tatu tulipokwenda. Ni daftari la shule, lina jalada la bluu, na marehemu alilifungia chini ya sanduku. Ndani mna safu nne kwa kalamu ya risasi: tarehe, namba kubwa inayoongezeka, namba ndogo yenye herufi F, na namba nyingine yenye herufi M. Watoto waliwahi kuliona wakadhani ni hesabu za mafuta. M 6. M 4. M 11. Mpwa aliona kwanza kwamba haiwezi kuwa mafuta: siku ambazo kilomita hazikuongezeka, M ilikuwa haipo kabisa, na siku za safari ndefu wakati mwingine ilikuwa ndogo. Tulimpelekea mzee wa bereti. Alilishika kwa mikono miwili, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema F ni fueli, na M ni majeruhi.

Hapo ndipo kumbukumbu ya mtu mmoja ilipopata cha kuegemea. Safu ya namba kubwa ilionyesha safari nyingi zinazokaribia kilomita 180 kwenda na kurudi, ambayo ni Mutukula na Masaka hasa. Safari hizo zinaanza siku chache baada ya 24 Februari. Kuanzia 10 Machi safu ya M inajaa kwa siku kadhaa mfululizo. Na tarehe 11 Aprili ina maandishi: kilomita zipo, M 9.

## Jambo lililotugawa

Lilikuwepo suala ambalo kijijini linajulikana. Katikati ya miaka ya 1980, marehemu akiwa likizo na gari la kuazima, jirani alimgongea usiku akimwomba ampeleke mama yake mgonjwa hospitali. Alikataa. Alitoa funguo, akampa kijana mwingine aliyekuwa anajua kuendesha kidogokidogo. Mama yule alifia njiani. Familia ile haikumsamehe, na mazishini mwanaume yule alikaa nyuma kabisa.

Mjane alituambia kwamba usiku ule mumewe alikaa uani hadi kunakucha, na kwamba tangu vita hakuwahi kuendesha gari usiku lenye mtu amelala nyuma. Mtoto wake mwenyewe alipougua malaria kali, alitembea naye mgongoni hadi zahanati.

Mpwa alitaka tuandike kwamba hiyo ndiyo sababu ya kukataa. Nilikataa. Tunajua alichokifanya na tunajua alichokuwa amekiona. Kamba ya kuviunganisha yeye mwenyewe hakutuachia. Tuliandika mambo mawili yakifuatana, kila moja kwa sentensi yake, bila "kwa sababu" katikati. Kabla ya hapo mimi na mtoto wa pili wa marehemu tulikwenda kwa jirani kumweleza kwamba jambo lile litatajwa bila jina lake wala la mama yake, na kwamba akisema lisitajwe halitatajwa. Alisema, "Semeni."

Mjane naye aliweka mpaka wake. Daftari litajwe, lakini jumla ya safu ya M isisomwe. Tulikuwa tumeijumlisha. "Angetaka ijulikane angeijumlisha mwenyewe," akasema. Haikusomwa, na hapa pia siiandiki.

## Matokeo

Siku ya arobaini wasifu wa pili ulisomwa na kitinda mimba, kwa dakika sita hivi. Ulianza na jiko la mkaa saa kumi alfajiri. Vita vilichukua aya mbili, Kampala haikutajwa isipokuwa kusema kwamba siku ile alikuwa barabarani upande mwingine. Watoto walitajwa sita kwa mpangilio wa viatu. Mzee wa bereti alisimama pale daftari lilipotajwa, akabaki amesimama hadi mwisho.

Siyo kila kitu kilipona. Binti Mkubwa alikuja, akakaa na mama yake wa kambo, akala. Lakini alikataa kupokea nakala ya wasifu wa kwanza tuliyotaka kumwonyesha tumeifuta. Alisema hana haja ya kuiona mara ya pili. Shangazi aliondoka kabla ya sala ya mwisho na mimi hanijibu salamu mpaka leo. Jirani alimpa mkono mjane mlangoni, akasema, "Nimesikia," akaenda zake.

## Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la mpwa. Lilikuwa la mpangilio wa kamati. Tulitenga wanaume wa kupanga na wanawake wa kulia na kupika, kisha tukategemea maisha ya mtu yatoke upande wa wanaopanga. Karibu kila tulichokipata baadaye kilikuwa umbali wa hatua kumi kutoka meza yetu, nyuma ya pazia. Siku hizi nikiwa kwenye kamati naomba mwanamke mmoja wa karibu na mjane awe mwandishi mwenza tangu siku ya kwanza. Mara mbili nimekataliwa.

Kumpandisha marehemu cheo cha ushujaa kulionekana heshima. Wakati wa vita ile jeshi lilipanuka kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo, polisi, magereza na JKT, na malori ya raia yakatwaliwa kwa ajili ya kazi. Watu wengi kiasi hicho hawawezi wote kuwa wa kwanza kuingia Kampala. Kuna wapishi, mafundi, wauguzi, wazika maiti, madereva. Kila mmoja akisomewa wasifu wa mstari wa mbele, basi hakuna aliyebeba majeruhi, na waliolala nyuma ya lori walirudi Kyaka kwa miguu yao.

Kilichotusaidia zaidi ni kuulinganisha ushahidi: mtu, daftari, na tarehe zinazojulikana na wote. Kimoja peke yake kisingetosha. Mzee angeweza kukosea, daftari lilikuwa bubu bila mzee, na tarehe za vita zingefaa kwa askari yeyote. Hata hivyo nakiri bahati ilitubeba. Mzee yule alikuwa na nauli ya kuja. Asingekuwa nayo, marehemu angelala na Kampala yake ya uongo.

Kuhusu ukimya wake sina hakika tulifanya haki. Mtu aliamua maisha yake yote kutosema, nasi tulifungua sanduku. Mpaka wa mjane juu ya jumla ulitusaidia kupumua, ila ulikuwa mpaka wa mjane, si wake.

Limebaki jambo moja la vitendo. Wiki ya mazishi vijana walichanga fedha wakamwandikia fundi msalaba wa zege: jina, miaka, na chini yake SHUJAA WA KAMPALA. Zege imekauka. Fundi anadai elfu arobaini kuchimba maneno na kuyajaza upya, na watoto wamekubali kulipa, ila hawajaafikiana nini kiandikwe. Kitinda mimba anataka DEREVA. Mjane anasema nafasi ile ijazwe iachwe laini.